Namba ya rafu ndani ya WhatsApp

Ukifungua WhatsApp Business kuna sehemu ya kuweka bidhaa zako, wanaiita katalogi. Muuza vitenge anaweka picha ya kitenge, jina, bei, maelezo kidogo, halafu chini kuna kisehemu cha kuandika namba ya bidhaa, na wafanyabiashara wengi ninaowafahamu hapo huwa wanapaacha wazi. Mimi, mtu wa maktaba, hapo ndo nimeandika 896.392.

Hiyo ni namba ya fasihi ya Kiswahili kwa mpango wa Dewey, ule ule alioutoa Melvil Dewey kule Marekani mwaka 1876 na mpaka leo ndo tunaopangia vitabu, 500 sayansi, 630 kilimo, 900 historia na jiografia. Nimeiandika mara nyingi mno maishani, kwa kalamu kwenye migongo ya vitabu, kwa taipureta kwenye kadi, lakini siku nilipoiona imekaa kwenye kioo cha simu, chini ya picha ya kitabu nilichokipiga mwenyewe pale kaunta, nilinyamaza nikaiangalia weee. Maana mi nilianza kazi hii 1998 kwenye droo za kadi. Zile kadi ngumu za sentimita 7.5 kwa 12.5, chini zina tundu, fimbo ya chuma inapita kwenye zote ili mtu asichomoe moja akaondoka nayo, na kitabu kimoja kina kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu na kadi ya mada. Ukipanga kadi moja vibaya basi kitabu kimepotea japo kipo rafuni. Mkuu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa anapitia droo nzima Ijumaa jioni kwa kidole, kadi moja moja.

Maktaba yetu iko huku Kusini mwa Tanzania. Kilichonifanya nianze kuhangaika na simu ni dada mmoja alikuja kutoka kijijini, kalipa nauli ya kuja na nyingine anayo ya kurudia tu, anatafuta kitabu cha mdogo wake wa kidato cha tatu, na kitabu kilikuwa kimeazimwa siku mbili kabla. Akasema "sawa mama", akageuka akaondoka. Hakulalamika hata kidogo na hapo ndo paliniuma, maana nilijua njia nzima ile angeweza kuiokoa kwa meseji moja, na namba ya kutuma hiyo meseji hakuwa nayo, wala mimi sikuwa nimeiweka popote.

Bahati ikawa mwaka ule tumeletewa kijana wa field, yaani mafunzo kwa vitendo, kutoka chuo cha ukutubi (kazi ya maktaba) cha Bagamoyo. Mpole, msikivu, na akikuelekeza hakunyang'anyi simu mkononi, anakuacha ubonyeze mwenyewe hata kama unachelewa. Siku moja akaniambia mama, kule Marekani, maktaba ya mji wa Charlotte, mwaka 2006 kuna mama mmoja anaitwa Helene Blowers aliwaandalia wafanyakazi vitu 23 vya kujifunza mtandaoni, kidogo kidogo kila wiki, blogu, picha na kadhalika, na aliyemaliza akapewa kicheza MP3. Tukaitafuta ile orodha tukaisoma wote. Programu nyingi za humo zimeshakufa zamani, lakini ile ya kwenda taratibu, wiki hii kitu hiki, wiki ijayo kile, na kuruhusiwa kuchezea kitu bila kuogopa kukiharibu, nikaipenda sana. Nikachukua daftari nikaanza orodha yangu. Ya kwetu haikufika 23, na ya kwanza ilikuwa kuweka ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp ili mtu asituibie namba, kitu cha dakika mbili, mwenzangu usipitwe nacho.

Ya pili ilikuwa gurupu, na hapa nikae kidogo kwa sababu ndo wengi wanaanzia na mimi sasa hivi simshauri mtu.

Tulifungua gurupu la wasomaji, watu wakajaa, mi nikafurahi. Wiki ya kwanza salamu za asubuhi njema na picha za maua, sawa. Wiki ya pili matangazo ya mikopo, mikeka ya mpira, na kila swali la kitabu linazama chini huko hulioni tena. Ila hayo yote ningevumilia. Nisichovumilia ni kwamba kwenye gurupu kila mtu anaona namba ya kila mtu, na wasichana wawili wa sekondari walikuja kuniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba kuna mtu wa kwenye gurupu anawatumia meseji usiku. Kwenye maktaba mi nimefundishwa hata daftari la waazimaji huliachi wazi kaunta, msomaji wa pili asijue wa kwanza kaazima nini. Sasa hapa nilikuwa nimeyaanika majina na namba za watoto wa watu mwenyewe, kwa mkono wangu. Nililifunga jioni ile ile, yule mtu nikamwita akaja na nikamwambia yaliyopaswa kusemwa mbele ya bosi wangu.

Tukahamia broadcast. Ile unatuma ujumbe mmoja unamfikia kila mtu peke yake kama umemwandikia yeye, hamna anayemwona mwenzie. Orodha moja mwisho watu 256, na kuna jambo ambalo lilinisumbua mwezi mzima kabla sijalielewa, haumfiki mtu ambaye hajasevu namba yako. Nilikuwa natuma kwa watu 140 wanaopata 30, nikadhani watu hawajali, kumbe hawapokei. Sasa hivi pale kaunta nimebandika karatasi yenye namba kwa herufi kubwa, na mtu akija kujiandikisha namwomba asevu hapo hapo mbele yangu, tunahakikisha wote kisha ndo anaondoka.

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi kwa sababu bado linaniuma. Nilimpiga picha mtoto wa miaka kama saba anasoma amelala kifudifudi kwenye mkeka wa kona ya watoto, picha nzuri kweli, nikaiweka Facebook na jina la maktaba. Mama yake akaja kesho yake. Hakupiga kelele. Alisema baba wa mtoto hatakiwi kujua wanaishi mji gani. Niliifuta pale pale amesimama, nikamwomba radhi, lakini ilikuwa imeshakaa saa zaidi ya 20. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na nilikuwa hata sijaisoma, baada ya hapo nikaisoma yote. Siku hizi napiga picha mikono na vitabu. Sura ya mtoto hapana.

Halafu ndo ikaja katalogi. Kijana wa field alikuwa ananionyesha jinsi wauzaji wanavyoitumia nikamwambia subiri, hebu rudi nyuma, hapo pa namba ya bidhaa. Tukatazamana. Picha ya jalada, jina la kitabu, mwandishi kwenye maelezo, bei unaacha wazi, na pale chini namba ya rafu. Msomaji akiwa huko kijijini anafungua tu namba yetu anapitia vitabu kama anavyopitia viatu, akikipenda anabonyeza ananiuliza kipo au kimeazimwa, namwekea. Najua kuna programu za maktaba zenyewe, nimeisomea Koha, ilianzia New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, ni ya bure na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi, ni kitu kizuri sana na naomba siku moja tuwe nayo. Lakini inataka kompyuta na mtandao usiokatika, na barua niliyoandika kuomba hivyo bado sijajibiwa. Simu ninayo leo. Bando nanunua mwenyewe. Katalogi mwisho wake vitu 500 kwa hiyo siwezi kuweka maktaba nzima, nikaanza na vinavyoulizwa sana, kiada, fasihi, kilimo, na vingine nabadilisha.

Wengine wakiona picha ya kitabu wanaandika "mama naomba pdf". Kila siku. Nawajibu kila mmoja, sichoki, kwamba kitabu kina mwenyewe, kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na mwandishi wa Kiswahili hauzi nakala nyingi kiasi cha sisi kumgawia bure jasho lake. Vya shule nawaelekeza Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vipo kule kihalali. Wengine wananuna. Wengine wanakuja, na kitabu wanakisoma hapa hapa mezani.

Sasa la mzee wa mikorosho, ambalo ndo limenifanya nikae kuandika.

Mwezi wa sita, mikorosho inaanza kutoa maua, ikaingia sauti kwenye simu ya maktaba. Mzee, nyuma kuku wanalia, anasema ameambiwa hapa kuna mama anajibu maswali ya vitabu, na yeye anataka dawa ya maua ya mikorosho yanayokauka. Basi. Sekunde 19. Mtu mwingine angemrushia kitu chochote alichokiona Google. Lakini sisi kaunta tumefundishwa swali la kwanza la msomaji mara nyingi silo swali lake, unamuuliza tena kwa upole mpaka ulifikie. Nikamrudishia kwa sauti, shikamoo mzee, hayo maua yana unga mweupe kama yamemwagiwa sembe, au yana madoa meusi kama yamechomwa? Na majani machanga nayo yakoje? Akajibu jioni akitoka shamba: unga mweupe, na majani pia. Basi nikajua ni ukurasa wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, wala sio wa mbu wa mikorosho, yule mdudu anayeacha madoa meusi, nikaenda rafu ya 634, kuna kijitabu cha watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele pale, chembamba, jalada limepauka. Mzee akasema macho yake hayaoni maandishi ya simu. Nikamsomea. Nilikaa kwenye chumba cha magazeti cha zamani ambako kuna utulivu, nikasoma ukurasa mmoja na nusu, dakika nne. Akarudisha: "rudia hapo kwenye vipimo, taratibu". Nikarudia taratibu.

Nilirudi nyumbani moyo mweupe. Wiki iliyofuata namba ngeni tatu kutoka vijiji vya jirani, wananiuliza mambo ya korosho, na mmoja akanirushia sauti niisikilize kama ni kweli. Nikaisikiliza. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Pale juu imeandikwa imetumwa mara nyingi.

Nilishikwa na baridi jamani. Kwa sababu kwenye ile sauti sikutaja kitabu gani, hakuna mwaka, hakuna ukurasa, hakuna neno muulize bwana shamba wako, ni sauti tu ya mwanamke anataja vipimo vya dawa. Na kijitabu ni cha zamani, salfa, dawa yenyewe ya ubwiriunga, za siku hizi zina maelekezo yake kwenye mfuko. Yaani miaka yote hii naandika namba mgongoni mwa kitabu ili kila neno lijulikane limetoka wapi, halafu nimeachia maneno yatembee wilaya nzima hayana mgongo. Kitabu chenye kosa nakiondoa rafuni dakika hiyo hiyo. Sauti nikiifuta kwangu na kwa mzee, zile zilizokwisha kufowadiwa zinabaki huko ziliko.

Kesho yake asubuhi nilimpigia bwana shamba wa kata, nikamsomea ukurasa wote kwenye simu, akanirekebishia sehemu moja ya vipimo kulingana na dawa inayouzwa sasa hivi. Nikarekodi upya. Nikaanza na jina la kijitabu, mwaka, ukurasa, namba 634, nikasema sauti ya kwanza msiifuate fuateni hii, nikataja na neno la bwana shamba. Nikamtumia mzee na wale watatu nikawaomba waipeleke kote walikopeleka ile nyingine. Nilikaa na simu mkononi siku mbili. Ile mpya nayo ikaanza kunirudia, kwanza kutoka kijiji kimoja, halafu viwili, na kijiji cha tatu mtu akaandika "tumepata mama, ile nyingine tumefuta".

Tangu hapo kila sauti inayotoka maktaba inaanza na jina la kitabu, mwaka na ukurasa, hata kama ni kumwambia mtoto maana ya neno moja la kamusi. Kijana wa field aliporudi chuo nilimwandikia hilo kwenye ile orodha yetu ya daftari, ni la 14.

Mzee naye alituma sauti juzi, mvua inasikika kwenye bati. Anauliza kile kijitabu kina kurasa ngapi zote. Nikageuza nyuma ya jalada, wameandika kinaruhusiwa kunakiliwa kwa ajili ya wakulima, nikamjibu kina kurasa 38. Akasema basi tuanze ya kwanza. Jana tumefika ya 11, upandaji wa miche na nafasi kati ya mti na mti, na leo kaomba nisubiri aswali magharibi kwanza ndo niendelee.