Nusu ya Ganda

Ilikuwa Aprili 2017, theluji inamalizika kuyeyuka pembezoni mwa uwanja wa shabaha karibu na Red Deer, Alberta. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, nimekwisha kufyatua risasi 11. Ya 12 ililia kama wenzake na kutoboa karatasi pale pale nilipolenga. Nikavuta bolti, lile komeo linalofunga nyuma ya mtutu, nikasukuma risasi nyingine. Ikaenda nusu ya safari, ikagoma.

Mkono ulitaka kuisukuma kwa nguvu. Namshukuru Mungu niliuzuia. Nilitoa risasi zote, nikauacha mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo, kisha nikatazama mkekani. Kilichodondoka hapo kilikuwa kitako tu cha ganda, kikombe kifupi cha shaba kisichofika hata sentimita moja na nusu, ukingo wake umechanika mzunguko mzima. Mwili wa ganda ulikuwa umebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield Namba 4, ya .303, yaani kipenyo cha mtutu kwa inchi. Ubavuni imegongwa muhuri: Long Branch, 1943. Hicho kilikuwa kiwanda cha huko Ontario, karibu na Toronto. Wanaotoka kaskazini mwa Kenya wanaijua kwa jina la Mark 4, maana polisi wa akiba waliibeba miaka mingi. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, na bunduki aliyokwenda nayo ilikuwa ya ukoo huu huu. Nilipopata leseni hapa Kanada, sikutafuta nyingine. Risasi zake za dukani zilikuwa ghali, na wiki nyingine hazipatikani kabisa, kwa hiyo nikajifunza kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, mwenyewe kwenye gereji.

Matatizo ya mwanzo nilikuwa nimeyapitia. Ganda lilinikwamia ndani ya kalibu, chuma cha kulibana lirudi kwenye umbo lake, kwa sababu nilipaka mafuta kidogo mno. Nikazidisha mafuta, mabega ya maganda, pale yanapokonda kuelekea shingoni, yakatoka na vibonyeo. Siku moja nikavunja sindano ya kutolea fataki, kile kiwashio cha kitakoni, kumbe yale maganda ya zamani ya jeshi yana vitundu viwili vidogo chini badala ya kimoja katikati. Sasa humulika kwa tochi ndani ya kila ganda kabla ya kuanza.

Hili la kukatika lilinitisha kwa namna nyingine. Uso wangu ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye ile chemba.

Mzee mmoja wa klabu, aliyekuwa meza ya tatu, aliniona nimekaa kimya. Akaja, akakitazama kitako, akafungua kopo la tumbaku na kutoa kidude cha chuma chenye umbo la ganda fupi. Akakiingiza chemba, akafunga bolti, akavuta. Kikatoka kimevaa lile ganda lililobaki, kama kidole ndani ya pete.

“Nimeweka baruti nyingi,” nikamwambia.

“Umeipima?”

Nilikuwa nimepima kila moja kwenye mizani, kwa kipimo cha chini kabisa cha kitabuni. Nikamweleza.

“Basi iache baruti. Jioni niletee maganda yako yote.”

Nilikwenda nayo 40 kwenye mfuko. Alinyoosha kibanio cha karatasi, akakunja ncha yake ikawa ndoano ndogo, akaizamisha ndani ya ganda hadi chini, kisha akaipandisha taratibu huku ikikwaruza ukuta. Akanipa nijaribu. Sikusikia kitu. Akaniambia nifumbe macho. Hapo ndipo nilipohisi: juu kidogo ya kitako, ncha ilitumbukia kwenye mfereji, ikanasa, ikatoka. Nikaligeuza ganda chini ya taa, na kwa nje, mahali pale pale, palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa ukizunguka shaba. Kwa majuma mengi nilikuwa nauona mstari ule na kudhani ni alama ya kalibu.

Maganda 27 kati ya 40 yalikuwa na mfereji huo.

Alinichorea kwenye boksi. Ganda la .303 hushikiliwa na ukingo wa kitako chake, si bega. Chemba za bunduki hizi za jeshi zilichongwa na nafasi mbele ya bega, ili risasi yenye tope iingie hata hivyo. Baruti ikiwaka, ganda hung'ang'ania kuta za chemba, kitako kinarudi nyuma kugonga bolti, na shaba inavutika pale juu ya kitako. Bega nalo linasukumwa mbele kujaza nafasi. Nyumbani mimi nilikuwa nateremsha kalibu mpaka iguse kishikio cha ganda, kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, na kulirudisha bega lote nyuma. Kisha nafyatua tena, linavutika tena. Mara ya nne, likakatika.

Akaniuliza kama nilikuwa nakata shingo za maganda. Ndiyo, kila mara, yasizidi milimita 56.44, na kazi ile niliipenda kwa usafi wake. Akanyamaza, akangoja. Nikaelewa mwenyewe: shaba niliyokuwa naikwangua pale shingoni ilikuwa imetoka kule chini, kwenye ukuta uliokuwa unakonda.

Usiku ule nilirudi gereji nikaipandisha kalibu, ikawa inabana shingo peke yake. Bega likaachwa na umbo la chemba ya bunduki yangu, na maganda hayo hayaingii bunduki ya mtu mwingine. Kwa maganda mapya, mzee alinipa vipete vya mpira vya kuvisha mbele ya ukingo siku ya kwanza, ili kitako kikae kimeegemea bolti tangu mwanzo na kisiwe na pa kurudi.

Yale 27 sikuyatupa yakiwa mazima. Niliyaponda midomo kwa koleo moja moja, asije mtu akayaokota na kuyajaza. Kile kitako cha 12 nilikibakiza. Kiko kwenye sahani ya mizani, na kila nikitaka kupima baruti ni lazima nikiondoe kwanza.