Karo tunachanga, mkuu wa idara tumemsahau

Hapa Maryland, Watanzania na Wakenya tukikutana, ni nadra shughuli kwisha bila mchango wa karo ya mtoto wa mwenzetu. Ni jambo jema, na mimi hutoa. Lakini nimefundisha hisabati muda mrefu katika chuo kimoja cha Weusi, na nimeona kwamba mtoto yule akishafika darasani, kumaliza shahada ya hisabati au kuikimbia kunategemea sana mtu mmoja ambaye hakuna anayemkumbuka: mkuu wa idara.

Niwaeleze kidogo walioko nyumbani. Marekani ina vyuo takriban 100 ambavyo sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 inavitambua kuwa vilianzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kuwasomesha Wamarekani Weusi. Si vigeni kwetu: Mbiyu Koinange, mwanasiasa wa Kenya, alisoma chuo cha Hampton, Virginia, tangu mwaka 1927. Kuna pia vyuo vya wenyeji wa asili, cha kwanza kikiwa Diné College cha Wanavaho, kilichoanza mwaka 1968. Kuna vingine ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake wana asili ya Amerika ya Kilatini. Wanafunzi wengi katika vyuo hivi ndio wa kwanza kwao kukanyaga chuo kikuu, na wengi wanatoka darasani kwenda kazini.

Fedha za vyuo hivi ni haba, na uhaba huo umetengenezwa. Hapa Maryland, vyuo vinne vya umma vya Weusi (Morgan State, Bowie State, Coppin State na kile cha Eastern Shore) vilipata haki baada ya kesi iliyofunguliwa mwaka 2006. Mwaka 2021 jimbo lilikubali kutoa dola milioni 577 kwa muda wa miaka 10. Miaka 15 ya kuvutana ili mtoto wa Baltimore apate alichopaswa kupewa tangu mwanzo!

Sasa turudi kwa mkuu wa idara. Mwaka 1947 Clarence Stephens, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Michigan, alikwenda kuongoza idara ya hisabati Morgan State, akakaa hadi 1962. Hakusubiri wanafunzi walioandaliwa vizuri zaidi. Aliwachukua waliokuwapo, akawajengea imani kwamba wanaweza, akawafundisha kusoma kitabu cha hisabati wenyewe na kukaa na swali gumu bila kukimbilia jibu. Scott Williams, Earl Barnes na Arthur Grainger walipita pale, na wote watatu wakaja kupata shahada za uzamivu. Baadaye Stephens alikwenda Potsdam, kaskazini mwa jimbo la New York, akafanya vilevile kwa wanafunzi ambao wengi wao walikuwa Wazungu, na idara ile ikawa miongoni mwa zilizotoa wahitimu wengi wa hisabati nchini. Chuo Kikuu cha Atlanta nako, Abdulalim Shabazz aliongoza idara ya hisabati kuanzia 1957 hadi 1963, na chini yake wanafunzi zaidi ya 100 wakapata shahada ya uzamili. Etta Falconer alifanya kazi kama hiyo katika chuo cha Spelman kwa wasichana Weusi.

Nimewataja kwa sababu watu hupenda kusimulia habari hizi kana kwamba zilikuwa karama tu. Karama ilikuwapo, lakini walikuwa pia na nafasi ya kuamua. Mfikirie Katherine Johnson, yule mama wa NASA aliyepiga hesabu za safari za anga. Alipokuwa West Virginia State, mwalimu wake William Claytor alimtungia kozi ya jiometri ya anga ambayo mwanafunzi wake alikuwa yeye peke yake. Katherine akahitimu mwaka 1937, akiwa na miaka 18.

Kozi ya mwanafunzi mmoja! Leo, katika vyuo vingi, darasa lisilofikisha idadi iliyowekwa linafutwa muhula ukikaribia kuanza. Idara kubwa haiumii. Idara ndogo yenye wanafunzi watano wa mwaka wa nne inaumia kila muhula, kwa sababu kozi ya aljebra dhahania ikifutwa, watano wale wanakosa sharti la kuhitimu, na mmoja wao atahamia biashara au masomo ya kompyuta. Kisha takwimu zitaonyesha kwamba wanaohitimu hisabati ni wachache, na takwimu hizohizo zitatumika kufuta kozi nyingine. Nimeona mkuu wa idara akienda kwa amidi akiwa na majina ya wanafunzi kwenye karatasi, mmoja mmoja, kuombea kozi yao. Alikuwa anafanya kazi ya Claytor, ila kwa kuomba ruhusa.

Na hiyo ndiyo sehemu tamu ya kazi yake. Idara ya hisabati inafundisha karibu chuo kizima: wauguzi, wahandisi, wanabiashara, walimu. Mwanafunzi wa uuguzi akikwama kwenye takwimu, simu inakuja kwa mkuu huyu. Mhadhiri wa muda akiacha kazi siku chache kabla ya muhula, ni yeye anayetafuta mbadala. Ripoti za ithibati, majalada ya kupandishwa vyeo, ratiba, malalamiko ya wazazi, vyote ni vyake, na bado ana vipindi vya kufundisha. Halafu anaambiwa aandike maombi ya ruzuku. Chuo kikuu kikubwa kina ofisi nzima ya kazi hiyo. Yeye ana usiku wake.

Ndiyo maana naona msaada kwa viongozi hawa uanze na muda. Apunguziwe vipindi kwa kiwango kinachoonekana, apewe karani, na apewe mtu wa kumchambulia takwimu za wanafunzi, aone ni kozi ipi inawaangusha na ni kundi lipi linaanguka. Pili, akutanishwe na wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkuu wa idara ya watu sita hana wa kumuuliza chuoni kwake, kwa kuwa jirani yake ni wa kemia. Wakuu wa idara wa vyuo vitatu wakikaa pamoja wanaweza hata kugawana kozi zile za watu watano, kila chuo kikafundisha moja kwa ajili ya wote kwa njia ya mtandao. Chama cha wanahisabati Weusi, NAM, kipo tangu 1969, kwa hiyo mahali pa kukutania papo. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli, na mtu wa kumshikia darasa akisafiri.

Hili linatuhusu sisi wahamiaji moja kwa moja. Walimu wa hisabati kutoka Afrika tuko wengi katika vyuo hivi, na zamu ya uongozi hutufikia. Wengi tunakubali kwa heshima, kwa sababu aliyeomba ni mzee wa idara na kwetu mzee hakataliwi. Mdogo wangu, ukiombwa, itikia kwa adabu, kisha uliza: nitapunguziwa vipindi vingapi? Nani anaamua kufutwa kwa darasa dogo, na je, naweza kupata kibali cha mwaka mzima kwa kozi za lazima? Nafasi ya mwalimu anayestaafu itajazwa, au itapotea? Bajeti ya wahadhiri wa muda nitaijua lini? Ukijibiwa kwamba mambo hayo yatazungumzwa baadaye, omba yaandikwe kwenye barua ya uteuzi kabla hujaweka sahihi.