Chuma kaniamsha saa nane usiku

Jamani mimi nina kisukari, jana usiku nimelala fofofo huyu mbwa wangu Chuma akaanza kunikwaruza mkono hadi nikaamka, kupima sukari nakuta 3.1, na ikishuka chini ya 4 tayari ni balaa, nikapiga soda fasta. Nimemfundisha mwenyewe kunusa sukari ikishuka, hapahapa Gungu, Kigoma, miezi saba, sukari ikishuka najifuta jasho na pamba naitupia friza, baadaye namnusisha, akiitambua hiyo harufu anapata dagaa (wa Kigoma bwana, nani akatae). Mwanzoni alikuwa anakula na pamba yenyewe 😂 Siku nyingine anakosea, so mashine ya kupima sukari siiachi. Ila bibi yangu wa Ujiji kagoma kabisa mbwa kuingia ndani, tukienda kwake Chuma analala uani.