Msiniulize jina la daktari

Tangu nimzae wa pili kwa njia ya kawaida baada ya kupasuliwa kwa wa kwanza, kila nikikaa na wanawake, harusini, kwenye matatu, hata msibani, swali ni lile lile: "Shoga, ulikwenda kwa daktari gani?" Jina sitoi, na si kwa choyo. Hata ningelitoa lisingewafaa, kwa sababu daktari peke yake hakunizalisha. Mikono iliyompokea mwanangu ni ya mkunga. Na mkunga naye peke yake, mimi na kovu langu, angenikataa, na angekuwa na haki.

Mimba ya kwanza nilikwenda kliniki karibu na nyumbani, Likoni, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa. Wiki ya 36 sista akanipapasa tumbo, akanyamaza, akapapasa tena. Kichwa kiko juu, mtoto katanguliza matako. Akaandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, akaniambia nimwonyeshe daktari. Mimi nilikuwa nimeshapanga kuzalia hospitali moja ya kulipia kule kisiwani, basi nikavuka na kijitabu changu. Daktari hakukifungua. Alikuwa na faili lake. Nilipomwambia alivyosema sista, akanijibu, "Tutaona."

Yakaonekana usiku wa uchungu, chupa ishapasuka, nikakimbizwa chumba cha operesheni. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi. Lakini baadaye nikaja kujua kwamba mtoto aliyekaa vile, kwenye wiki ya 36 au 37, daktari mwenye ujuzi anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono akiwa juu ya tumbo, hapo hapo hospitalini. Haifaulu kila mara. Kwangu haikujaribiwa, maana aliyejua hakuwa na uwezo, na mwenye uwezo hakutaka kusoma.

Kazi yangu ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kontena la mitumba halitoki Kilindini mpaka karatasi zipite mkono kwa mkono, kila mkono na sahihi yake, na aliyepokea hawezi kugeuka akasema hakuambiwa. Mimi na tumbo langu tulipokezanwa bila sahihi ya mtu.

Kwa hiyo mimba ya pili, kabla ya kuuliza bei, niliuliza jambo moja: je, wakunga na daktari hapa wanaandika kwenye faili moja? Kwengine waliniangalia kama nimeuliza mambo ya ajabu. Mahali pamoja tu sista wa mapokezi alinijibu pale pale: kliniki za kawaida utaonana na mkunga, daktari atakuona mwanzoni kwa sababu ya kovu, atakuona tena karibu na mwisho, na katikati mkunga akiona jambo anamwita. Nikajiandikisha.

Siku ya daktari, jambo la kwanza aliulizia kovu. Nikainua dera.

"La ngozi hilo, mama. Mimi nataka la ndani."

Hilo nilikuwa silijui, na nimegundua wanawake wengi hawalijui. Ngozi inaweza kukatwa kwa kulala, chini kabisa, na mfuko wa uzazi ukawa umekatwa kivyake. Ukikatwa kwa kulala sehemu ya chini, unaweza kujaribu kuzaa kawaida. Ukikatwa wima kwenda juu, hatari ya kupasuka wakati wa uchungu ni kubwa, na hapo hujaribiwi. Sasa kadi yangu ya kutoka hospitali ilisema nimepasuliwa, basi. Si kwa nini, si vipi. Mume wangu ndiye aliyehangaika na chumba cha rekodi cha ile hospitali, njoo kesho, njoo Alhamisi, hadi ripoti ya operesheni ikatoka. Kwa kulala, chini. Na sababu ilikuwa mkao wa mtoto, jambo ambalo si lazima lijirudie, tofauti na mtu ambaye nyonga ilishindwa kupitisha kichwa.

Daktari akaniwekea hesabu mezani bila kuipaka sukari. Wanawake wa aina yangu wakijaribu, karibu watatu kwa kila wanne hufaulu. Kovu hupasuka kwa takriban mmoja katika kila 200, na likipasuka, dakika zina thamani kwa mama na mtoto. Ndiyo maana jambo hili halifanywi pasipo chumba cha operesheni na damu karibu.

Mkunga alikuwa amekaa pembeni anaandika. Akainua kichwa, akauliza lake:

"Mama, unakaa wapi?"

"Likoni."

"Uchungu ukikushika saa nane za usiku, unavukaje?"

Daktari akaweka kalamu chini. Feri tunaijua sisi tunaoipanda. Ambulansi hupewa njia, sawa, lakini feri yenyewe iwe upande wako. Daraja la Liwatoni lilijengwa kwa waendao kwa miguu. Kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ni safari kamili kwa mtu mwenye uchungu. Yule daktari alikuwa ameshika hesabu zote za kovu, na hesabu ya maji yaliyo baina yangu na kisu chake haikumpitia kichwani. Hapo ndipo ilipoandikwa kwenye faili: kuanzia wiki ya 37 mama ahamie upande wa kisiwani. Dadangu mkubwa anakaa Tudor, nikahamia kwake. Mavyaa alinuna. "Mke wa watu na tumbo lake aende kwa dadake, watasema kafukuzwa!" Wacha waseme.

Mengine pia waliyapanga mapema na kuyaandika. Vile vidonge vya kuanzisha uchungu hapewi mwenye kovu, vinaweza kulipasua. Ikipita wiki ya 41 bila uchungu, tuketi upya. Na dalili ambazo mkunga akiziona anapiga simu bila kuomba ruhusa ya mtu: mapigo ya mtoto kushuka, damu, uchungu kukatika ghafla, maumivu yasiyoachia.

Uchungu ulikuja wiki ya 39, mchana kweupe, kama wa kunikejeli. Kutoka Tudor tulifika upesi kwa tuktuk.

Leba yenyewe sitawachosha nayo, ila jambo moja bado naliona. Kati ya uchungu na uchungu, sista alikuwa akiweka kiganja juu ya kovu, akiminya taratibu, huku akiniangalia usoni wala si tumboni. "Hapa panauma hata sasa hivi, uchungu ukiwa umeachia?" "Hapana, sista." Anaandika. Robo saa, anasikiliza mapigo ya mtoto. Anaandika. Sindano ya dripu nilikuwa nayo mkononi tangu kuingia, imefungwa, inasubiri tu.

Njia ilipofunguka sentimita saba nikakwama. Mkunga akampigia daktari, naye akaja. Akanipima, akatazama ile karatasi ya leba, akasema anaona twende operesheni. Mkunga akamwambia, "Daktari, kichwa kimegeuka vizuri tangu ulipopima mara ya mwisho, mapigo ni mazuri, kovu haliumi. Nipe saa mbili." Yeye akasema moja. Walibishana mbele yangu, kwa heshima, kila mmoja anaonyesha kidole kwenye karatasi ile ile. Watu wakisikia haya hudhani niliogopa. Mimi nilitulia zaidi kuliko siku zote, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyebishana na mtu, na mwisho wake naujua. Wakakubaliana saa moja, na chumba cha operesheni kiambiwe kikae tayari. Mkunga akanisimamisha nikishikilia kitanda, nikayumbisha kiuno kama niko kwenye chakacha. Saa haijatimia nikahisi kusukuma.

Mtoto alipotoka nilitandikiwa plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia damu. Nikauliza ya nini. Sista akanieleza, huku akisugua tumbo, kwamba kulikuwa na utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa 2023. Zamani damu ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya. Kwa plastiki hii damu ikifika mililita 500 mkunga hasubiri daktari: anasugua mfuko wa uzazi, anatoa dawa ya kuukaza, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, anatafuta inatoka wapi, yote kwa mkupuo, na mwenzake ndiye anayepiga simu. Kuvuja damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Yangu haikufika huko. Daktari alichungulia mlangoni, akaangalia mistari, akampa sista dole gumba, akaenda zake.

Ningepasuliwa tena pia nisingelalamika. Wapo wanaoniambia nimewashinda madaktari; sikumshinda mtu, na aliyeambiwa na timu yake apasuliwe, apasuliwe.

Mdogo wangu naye sasa ana mimba ya pili baada ya operesheni, ya miezi minne. Kadi yake nimeisoma, ni kama ilivyokuwa yangu: tarehe, uzito wa mtoto na muhuri. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, tunakwenda pamoja chumba cha rekodi, na nimemwambia abebe kitambulisho na kitu cha kula, maana hatutoki bila ile ripoti.