Picha ya tatu

Msimu wa korosho uliopita niliwatengenezea programu ya Android makarani wa chama cha msingi kimoja huko Masasi. Mkulima akileta magunia, karani anapima, anaingiza kilo, kisha anapiga picha risiti ya kila gunia. Kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) hapa Dar niliijaribu wiki nzima, haikujifunga hata mara moja.

Siku ya pili ya mapokezi mama karani akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia upesi kama mtu aliyezungukwa na foleni.

"Mwanangu, hii programu inajifunga. Nikifika picha ya tatu inazima, na niliyoandika yote yanapotea."

Nikajaribu kwenye emuleta: picha ya tatu, ya tano, ya kumi, salama. Basi nikamwambia azime simu aiwashe, kisha afute programu na kuipakia upya. Ushauri ule unaniuma mpaka leo. Alipoteza asubuhi nzima wakulima wakiwa juani, mwishowe akarudi kwenye kitabu cha risiti.

Mchana nikaenda Kariakoo kutafuta simu kama yake: Android 6, RAM ya GB 1, kamera ya megapikseli 8. Nikaipata iliyotumika kwa shilingi 70,000. Nikafungua "Kuhusu simu", nikagonga namba ya muundo mara 7 ili menyu ya wasanidi itokee, nikaruhusu utatuzi kwa USB, nikaichomeka kwenye kompyuta na kuwasha adb logcat, amri inayoonyesha kumbukumbu za matukio na makosa ya simu. Picha ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, programu ikafunga, na mstari huu ukatokea:

java.lang.OutOfMemoryError: Failed to allocate a 31961100 byte allocation

Yaani RAM imeisha: programu imeomba baiti 31,961,100 ikakosa. Namba ile ndiyo iliyonifumbua macho. Kamera ya simu ile inatoa picha ya pikseli 3264 kwa 2448. Faili la JPEG likiwa kwenye hifadhi ni dogo, MB 2 au 3, kwa hiyo sikuwahi kulihofia. Lakini ili ionekane kwenye skrini, picha lazima ifumuliwe, na kila pikseli inachukua baiti 4. Zidisha: 3264 × 2448 × 4 ni 31,961,088. Baiti 12 zilizobaki ni kichwa cha safu (array), maelezo mafupi ambayo Java huyaweka mbele ya data yenyewe. Programu yangu ilikuwa inashikilia picha zote za mkulima mmoja kwa pamoja, nzimanzima, wakati simu ile inaipa kila programu RAM ya MB 96 tu kwa mahitaji yake yote. Mbili zinaenea pamoja na vitu vingine vya programu; ya tatu haina pa kukaa.

Na emuleta? Kamera yake ya kuigiza ilikuwa inanipa picha za 640 kwa 480, yaani MB 1.2 kila moja. Ningeweza kupiga sabini bila kuligusa tatizo.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari michache. Kwanza unasoma vipimo vya picha bila kuifumua (inJustDecodeBounds), kisha unaifumua kwa inSampleSize ya 4: upana robo, urefu robo, na RAM inashuka hadi MB 2 hivi. Risiti bado inasomeka vizuri. Nikaongeza pia kuhifadhi kilo papo hapo kabla kamera haijafunguka, kwa sababu kumpotezea mtu alichokwisha kuandika ni kosa zito kuliko kujifunga kwenyewe.

Kama simu unayojaribia ni ya Android 8 kwenda mbele, usitegemee kuona kosa hilihili. Huko pikseli zimehamishiwa nje ya eneo la RAM linalosimamiwa na Java, hivyo simu ndogo ikiishiwa RAM, mfumo unaweza kuiua programu bila kuacha orodha ya makosa ya Java.

Usiku ule nikamtumia mama APK mpya (faili la kusakinisha programu) kwa WhatsApp. Kesho yake saa nne asubuhi akanitumia picha ya skrini: mkulima mmoja, magunia 11, risiti 11. Chini yake ameandika, "Sasa inaenda. Nilikwambia ni ya tatu."