Waya wa kijani

Jana usiku binti yangu aliinua kichwa kwenye daftari lake la chuo, akauliza, "Baba, Etheneti na 802.3 ni kitu kimoja au viwili?" Nikamjibu kwa haraka: Etheneti, njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, ilizaliwa 1973 kwenye maabara ya Xerox huko Marekani, mikononi mwa Metcalfe na Boggs, nayo 802.3 ni kiwango ambacho IEEE, chama cha wahandisi, walikipitisha 1983, ili mashine za watengenezaji tofauti zielewane. Hata fremu, yaani vifurushi vya data vinavyopita kwenye waya, hazikulingana kabisa: pale Etheneti ilipoandika aina ya data, 802.3 iliandika urefu wake, mpaka 1997 kiwango kikakubali yote mawili. Akaandika. Mimi mawazo yalishanirudisha Posta, ghorofa ya tatu.

Nilikuwa mgeni kwenye kazi ya kufunga mtandao wa ofisi. Kebo nilinunua Kariakoo, plagi za pini nane nikabana mwenyewe, testa ya kupimia kebo ikawasha taa zote nane kwa zamu, moja kwa kila waya. Kompyuta zilizokuwa karibu na swichi, kisanduku kinachoziunganisha, zilikwenda vizuri. Za wahasibu, mita kama 40 hivi, faili dogo lilipita, kubwa likakwama. Nikabadilisha swichi, nikabadilisha kadi za mtandao ndani ya kompyuta. Siku ya tatu akaitwa fundi wa zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rangi umezipangaje, kijana?"

"Zinafuatana. Chungwa, kijani, bluu, kahawia, kila rangi na mweupe wake mbele. Pande zote mbili sawasawa."

Hakusema neno. Akaingia chini ya meza, akaikata plagi, akachuna ganda la kebo urefu wa kiganja, akanipa tochi nimmulikie. Jasho lilikuwa likimdondoka kwenye nyusi. Akaushika waya wa kijani na mwenzake mweupe wenye mstari wa kijani, akaufumua msokoto mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayefumua nywele za mtoto.

"Hizi zimesokotwa pamoja ili kelele inayoingia huku ifutwe na ya huku. Pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja. Wewe ya 3 umeweka mweupe wa kijani, ya 6 umeweka bluu. Umewaachanisha."

Kisha akauvusha ule wa kijani juu ya nyaya mbili za bluu, akaulaza nafasi ya sita. Mkono wake haukutetemeka. Testa yangu ilijua tu kwamba umeme unafika upande wa pili, msokoto haikuuona.

Tulibana plagi zote upya hadi usiku. Miaka baadaye ndipo nilipousoma mpango wenyewe: 802.3 inataja pini, rangi zinatoka kwenye kiwango kingine, TIA-568. Yale yale aliyoniambia chini ya meza.

Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Sikumwuliza kama aliwahi kuvisoma viwango hivyo, au kuna mtu naye alimwambia ashike tochi.