Chipu zangu za Mombasa zilivyogoma Nairobi

Mimi gofu nimejifunzia Mombasa, ile kozi ya mashimo 9 kule Mama Ngina, bahari iko hapo hapo na upepo hauna adabu. Kule chipu, lile pigo fupi la kuusogeza mpira kwenye grini (nyasi fupi yenye shimo), haikuwa na mambo mengi, unashika ayoni 7, fimbo ya chuma isiyoinua mpira sana, unausukuma mpira kama unapiga pata, ile fimbo ya kubingirishia, unadunda nje ya grini na kuteleza wenyewe mpaka karibu na bendera. Nikajiona fundi. Mtu akiniuliza mbona fimbo moja tu namtajia Seve Ballesteros, yule bingwa Mhispania aliyechukua Kenya Open 1978, si alijifunza utotoni kwenye ufuo wa kwao Pedreña na ayoni 3 peke yake? Basi, maneno kwisha.

Halafu kazi ikanileta Nairobi.

Raundi ya kwanza tu, mpira uko hatua nne nje ya grini, nikaudundisha kwenye nyasi vile nilivyozoea, ukadunda mara moja ukakaa. Tuli. Utadhani umetumbukia kwenye blanketi. Kumbe ndio nyasi ya kikuyu hiyo, asili yake ni huku huku nyanda za juu, leo iko mpaka uwanja wa Riviera kule Los Angeles na mapro wa Marekani wanailalamikia kila mwaka. Majani yake manene na yamesukana, mpira wa chini chini haupiti.

Nikaona dawa ni kununua weji ya digrii 60, fimbo ambayo uso wake umelala sana ili kuinua mpira juu. Hapo ndipo nilijimaliza kabisa. Kikuyu wakati mwingine inaubeba mpira juu juu, chini yake kuna hewa tupu, sasa mimi nafungua uso wa fimbo, napiga kwa nguvu, weji inapita chini ya mpira na mpira unasogea kama futi mbili hivi. Ya pili kwa hasira nikatopu, yaani nikaugonga mpira kichwani, ukavuka grini ukaenda bunka, shimo la mchanga, la ng'ambo. Shimo la pa 4, la kumalizwa kwa mapigo manne, nikaandika 9.

Kedi wangu, mbeba fimbo, mzee mmoja mpole, alinyamaza mpaka tumemaliza raundi, ndio akaniambia, "Boss, kwanza angalia nyasi, fimbo baadaye." Akanipeleka kwenye grini ya mazoezi, akamwaga mipira.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mpira lazima utue ndani ya grini, hatua moja hivi kutoka ukingoni, usiiachie kikuyu nafasi hata kidogo. Ukishajua utatua wapi unaangalia umebaki mwendo gani wa kubingirika. Pichingi, ile weji ya kawaida, sehemu moja hewani mbili chini. Ayoni 8, moja hewani nne chini. Weji ya digrii 56, karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo mpira wangu wa hatua nne nje, shimo likiwa hatua kumi ndani, unaruka tano unabingirika tisa, hiyo ni pichingi. Shimo likiwa mbali, hatua ishirini, ni ileile ruka tano lakini sasa ayoni 8. Likiwa karibu karibu hapo mbele ndio 56. Grini ikipanda mlima unashuka namba moja ya fimbo, mfano 8 inakuwa 7, ikiteremka unapanda kuelekea weji. Yaani siku zote nilikuwa nabadilisha nguvu, kumbe cha kubadilisha ni fimbo na mkono unabaki uleule.

Kupiga kwenyewe si shida: miguu karibu karibu, uzito mguu wa mbele na ukae huko huko, shika fimbo chini kidogo, mikono imetangulia mpira kidogo tu. Mpira ukiwa juu ya nyasi, inua fimbo kidogo, usiikalishe chini, ufagie tu. Ukizama, ni 56, shika imara, shuka nayo kwa pembe kali na usisimame katikati, halafu ukubali tu kwamba utabingirika zaidi. Mimi kosa langu lilikuwa kutaka kuuchota mpira kwa viganja, na mzee aliniambia niache kusaidia, ile digrii iliyo kwenye fimbo ilitengenezwa na mtu kiwandani na akalipwa mshahara.

Miezi mitatu nikapona. 60 imelala kwenye begi.

Sasa Disemba nikarudi Mombasa, nacheza na ami yangu, mpira uko nje ya grini, ardhi kavu ngumu kama sakafu, nami kwa mazoea mapya nikatoa 56. Tako la weji, ule unene wa chini yake, likagonga chini likaruka, ukingo ukaupata mpira kiunoni, ukapita grini yote kama risasi. Ami hakucheka. Alienda kwenye begi langu, akatoa ayoni 7, akanipa.

"Tena," akasema.